Kitabu Kipya ni Kipi? Mapendekezo ya Usomaji wa Demani na Vuli kwa Msomaji wa Kwale

1.0 Utangulizi

Makala haya yana madhumuni mawili. Dhumuni la kwanza ni la kawaida: kupendekeza vitabu vinavyofaa kusomwa katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba. Dhumuni la pili ni kukihoji kitendo chenyewe cha kupendekeza. Wahakiki tumezoea kuiona orodha ya vitabu kuwa jambo dogo, kazi ya nusu saa inayofanywa baada ya uhakiki wenyewe kumalizika. Tutajaribu kuonyesha kwamba orodha ni uhakiki kamili. Anayeitunga huwa ameamua kitabu kipi ni kipya, kipya kwa nani, na msomaji anayezungumziwa anaishi wapi.

Swali hili nililipata kwa mwalimu mmoja, sikulipata katika kitabu cha nadharia. Miaka michache iliyopita niliombwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili huko Msambweni, nami nikawapelekea orodha ya vitabu kumi na viwili ambavyo niliona kila mwalimu wa fasihi angepaswa kuvisoma kabla ya mwaka kwisha. Mwalimu mmoja, mwanamke wa umri wa kuwa dada yangu mkubwa, aliisoma yote kwa makini, akaikunja, akanirudishia. Alisema kwa upole kwamba karatasi ile ilimkumbusha ubao wa vyakula unaowekwa mbele ya hoteli za ufuoni Diani: mpita njia huusoma wote, kisha akaenda zake kula nyumbani. Tulipohesabu, tuligundua kwamba vitabu viwili tu kati ya vile kumi na viwili ndivyo vilivyokuwa vimepata kushikwa na mtu yeyote mle chumbani.

Makala haya ni jaribio la kumjibu mwalimu yule. Orodha inayofuata ni fupi. Ina vitabu vitatu vikuu, kimoja kwa kila mwezi, na vingine vichache vya kuvisindikiza. Kila kimoja kimepimwa kwa swali moja: je, kitabu hiki kikisomwa Kwale, kinasema jambo ambalo hakilisemi kikisomwa mahali pengine?

2.0 Kalenda mbili za kitabu

Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, Septemba na Oktoba ni miezi ya mavuno kwa wachapishaji. Orodha fupi ya Tuzo ya Booker hutangazwa Septemba. Tuzo ya Nobel ya Fasihi hutangazwa Oktoba, na mwezi huo huo wachapishaji wa dunia hukutana Frankfurt. Majani yanapukutika, usiku unarefuka, na msomaji huambiwa kwamba huu ndio wakati wa kujifungia ndani na kitabu. Orodha nyingi za mapendekezo tunazoziona zimezaliwa na kalenda hii, hata pale zinapoandikwa na Mwafrika kwa ajili ya Waafrika.

Kalenda ya pwani ya kusini ya Kenya ni nyingine. Kuanzia Septemba kusi hulegea, bahari hutulia, na wavuvi wa Gazi, Shimoni na Vanga hutoka kwa wingi zaidi. Hiyo ndiyo demani. Baadaye huja vuli, mvua zile fupi ambazo mkulima wa Kwale huzingoja kwa shaka kwa sababu hazina ahadi. Mikorosho nayo huanza kuzaa. Msimu huu haumfungii mtu ndani, humtoa nje. Anayetaka kumpendekezea kitabu mtu wa Kwale katika miezi hii sharti ajue kwamba anashindana na bahari na shamba, na kwamba usiku wetu haurefuki kwa sababu ya majira ya Ulaya.

Hata hivyo, Kwale ina msimu wake wa kusoma, nao huangukia miezi hiyo hiyo. Ni msimu wa mtihani. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Novemba watahiniwa wa kidato cha nne huufanya mtihani wa kitaifa, na katika majuma yanayoutangulia huenda hakuna wakati mwingine wowote wa mwaka ambapo riwaya na tamthilia za Kiswahili husomwa na watu wengi zaidi katika kaunti hii. Maduka ya vifaa vya shule Ukunda na Kinango huuza vitabu teule na miongozo yake. Kwa hivyo, vitabu hufika Kwale, lakini hufika kwa mlango mmoja tu, mlango wa mtihani, na mlango huo hufungwa mara tu karatasi ya mwisho inapokusanywa.

Tukiziweka kalenda hizi mbili bega kwa bega, tutaona kwamba zote zina kasoro ya aina moja. Ya kwanza humwambia msomaji kwamba kitabu kipya ni kile kilichotoka mwezi huu. Ya pili humwambia kwamba kitabu ni kile kitakachotahiniwa mwaka huu. Zote mbili hukipa kitabu umri wa mwaka mmoja. Katika makala haya tunapendekeza maana nyingine: kitabu kipya ni kile ambacho hakijasomwa bado na jamii inayohusika nacho. Kwa kipimo hicho kitabu cha mwaka 1973 chaweza kuwa kipya, na kitabu cha mwezi uliopita chaweza kuwa kizee.

3.0 Septemba: Peponi

Mfano bora wa upya wa aina hii ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikaingia katika orodha fupi ya Booker mwaka huo. Mwandishi ni mzaliwa wa Zanzibar. Mandhari ni pwani yetu na bara lake. Wahusika ni watu ambao katika maisha halisi wangezungumza Kiswahili. Hata hivyo, ilichukua miaka 28, na Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, kabla wahusika hao hawajarudishiwa lugha yao katika chapa. Kwa mtu wa London hiki ni kitabu cha kizazi kilichopita. Kwa msomaji wa Msambweni kingali kipya.

Kisa chaweza kuelezwa kwa ufupi. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anaondoka kwao Kawa pamoja na tajiri Aziz. Anadhani anakwenda matembezini kwa jamaa. Ukweli anaambiwa na Khalil, kijana mwenzake wa dukani: Aziz si jamaa yake hata kidogo. Yusuf ni rehani; ametolewa na baba yake kwa sababu ya deni. Baadaye anafuatana na msafara wa biashara kwenda bara, anarudi, anaingia katika bustani iliyozungushiwa ukuta, na hatimaye anakabiliwa na Wajerumani waliokwisha kuingia nchini. Aliyesoma Kurani hatakosa kukiona kisa cha Nabii Yusuf kikipita chini ya maandishi kama maji chini ya mchanga.

Kwa nini riwaya hii isomwe Kwale? Sababu ya kwanza ni neno rehani. Katika njaa kali za karne ya 19 jamii za Wamijikenda, Wadigo wakiwamo, ziliwahi kuwaweka jamaa zao rehani kwa wenye nafaka wa miji ya pwani. Hali ya Yusuf, kwa hivyo, si ya kigeni huku. Ni sehemu ya historia ambayo familia nyingi hazipendi kuizungumza mchana.

Sababu ya pili ni ya kilugha, nayo ndiyo inayomhusu zaidi mhakiki. Kwa Kiingereza, Yusuf humwita Aziz kwa neno moja linalojumlisha ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili hakina neno la jumla kama hilo. Mfasiri hulazimika kuchagua: ami, baba mdogo, au mjomba. Kila chaguo lina ukoo wake. Wadigo ni jamii ambayo kwa muda mrefu ilihesabu nasaba na urithi kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na mamlaka makubwa juu ya watoto wa dada yake kuliko baba mzazi. Mgongano kati ya desturi hiyo na sheria ya Kiislamu ya mirathi ulizua mashauri mengi katika karne ya 20. Msikilizaji wa Kidigo anapolisikia neno mjomba likitajwa pamoja na neno rehani, husikia jambo ambalo msomaji wa Kiingereza hawezi kulisikia: sauti ya mtu aliyekuwa na haki ya kumlinda mtoto na pia uwezo wa kumtoa. Msomaji na aifuate istilahi hii ya ujamaa ukurasa kwa ukurasa, aone kila chaguo linafungua nini na linafunga nini. Hilo pekee latosha kuwa somo zima la tafsiri katika darasa la chuo.

Sababu ya tatu ni jina lenyewe. Neno la Kiingereza la pepo lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya kale ni bustani iliyozungushiwa ukuta. Ndiyo maana bustani ya Aziz ina uzito mkubwa katika matini asilia. Neno letu pepo halina ukuta. Lina ujirani na upepo, na lina ujirani na pepo wale wa ngoma na uganga ambao mtu wa Kwale hahitaji kuelezwa. Kwa hivyo, jina la tafsiri limepoteza ukuta, likapata upepo. Sidhani kwamba hii ni hasara. Lakini ipo pepo ya tatu, ile ya matangazo ya utalii, ambayo kwa miaka mingi imeuuza mchanga mweupe wa Diani kwa jina hilo hilo. Kumsoma Gurnah umbali wa hatua chache kutoka ufuo ule ni kuuliza swali lake upya: bustani hii ni nzuri kwa nani, na nani anayeimwagilia maji bila ya kuwa na ruhusa ya kukaa ndani yake?

4.0 Oktoba: N'na Kwetu

Kwa mwezi wa vuli tunapendekeza diwani. Neno hili lina historia yake katika pwani ya kusini. Watawala wa Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Tanzania, walikuwa na cheo cha Diwani. Leo neno hilo linamtaja mwakilishi wa wadi na pia kitabu cha mashairi. Si vibaya kukumbuka kwamba kitabu cha mashairi na kiti cha utawala viliwahi kushiriki jina moja.

N'na Kwetu ni diwani ya Mohammed Khelef Ghassani, mshairi kutoka Pemba anayeishi Ujerumani na kufanya kazi ya utangazaji. Ilikuwa miongoni mwa kazi zilizoshinda mwaka 2015, mara ya kwanza kutolewa kwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoasisiwa mwaka 2014. Tuzo hiyo imestahili sifa kwa jambo moja kubwa: imeitazama miswada ya Kiswahili kama fasihi, bila ya kuuliza kama itafaa shuleni. Waliofuata baadaye, kama vile Ali Hilal Ali kwa Mmeza Fupa mwaka 2017 na Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwa mwaka 2018, nao wametoka katika mlango huo ambao si wa mtihani.

Dhamira kuu ya diwani ya Ghassani ni ugeni na umilikaji wa kwao. Jina lake ni dai, na limetolewa katika usemi wa visiwani: n'na, si nina. Ufupisho huu si pambo. Mtu anayedai kwamba ana kwao hulitoa dai hilo kwa lafudhi ya kwao, na lafudhi yenyewe huwa ndiyo shahidi wa kwanza. Aidha, mshairi ameshikilia sana arudhi za jadi. Wapo wahakiki watakaouona ushikiliaji huo kuwa ni uhafidhina. Nadhani wanakosea. Kwa mtu aliye mbali, vina na mizani ni mzigo mwepesi wa kubeba: nyumba haisafirishwi, lakini ubeti husafirishwa.

Kwale inaisoma diwani hii kwa namna ya pekee, kwa sababu dai la kuwa na kwao limekuwa shauri la serikali hapa, mbali ya kuwa jazanda ya mshairi. Wapemba wameishi na kuvua katika pwani hii kwa vizazi kadhaa bila ya vitambulisho vya Kenya; walitambuliwa rasmi kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023. Kabla yao, Wamakonde, ambao wengi wao walifika Kwale kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge, walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mnamo Oktoba 2016 ili kudai uraia, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka uliofuata. Watu hao walikuwa wakisema kwa miguu yao yale yale ambayo Ghassani anayasema kwa mizani.

Hata hivyo, kuna tofauti ambayo mhakiki hafai kuifunika. Mshairi wa N'na Kwetu anajua kwao ni wapi; huzuni yake ni kwamba hayuko huko. Mpemba aliyezaliwa Shimoni au Mmakonde aliyezaliwa Gazi alikuwa kwao tayari. Huzuni yake ilikuwa kwamba aliambiwa siko. Ushairi wa ughaibuni na ushairi wa aliyekataliwa nyumbani si ushairi mmoja. Wa kwanza tunao, na ni mzuri. Wa pili tungali tunauhitaji. Ikiwa kijana mmoja wa Makongeni ataisoma diwani hii akaona inamhusu nusu tu, na akaamua kuiandika nusu nyingine, mapendekezo ya mwezi huu yatakuwa yametimiza kazi yake.

Kwa wanaotaka kuyasikia mashairi ya upande huu wenyewe, ipo diwani iliyobeba jina la nchi hii: Malenga wa Vumba ya Boukheit Amana, iliyotoka mwaka 1982. Si rahisi kuiona madukani. Anayeimiliki na aiazime, lakini aandike jina la aliyemwazima.

5.0 Novemba: Nguu za Jadi, baada ya mtihani

Pendekezo la tatu huenda likawashangaza wenzangu. Ni riwaya ya Clara Momanyi, Nguu za Jadi, ambayo imekuwa kitabu teule cha shule za upili katika miaka ya 2020. Yawezekana mtu akauliza: kuna haja gani ya kupendekeza kitabu ambacho watoto wamelazimishwa kukisoma? Jibu langu ni kwamba hawajakisoma. Wamekitahiniwa. Ninaomba kisomwe kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Novemba, wakati ambapo hakuna atakayeuliza alama.

Faida ya kitabu hiki ni kwamba kimo ndani ya nyumba. Hiki ndicho kilikuwa kimoja kati ya vile viwili ambavyo walimu wa Msambweni waliniambia wanavyo. Kaka akimaliza mtihani, nakala hukaa juu ya kabati ikingoja mdogo wake. Katika muda huo wa kungoja, baba, mama na shangazi wanaweza kuisoma.

Riwaya inamfuata Mangwasha, mwanamke wa jamii ya Waketwa, katika nchi inayotawaliwa na Mtemi Lesulia. Waketwa wanachomewa makao yao na kufukuzwa katika ardhi wanayoiona kuwa yao. Ukabila umegeuzwa chombo cha kugawia vyeo na viwanja. Katika miongozo ya mtihani, yote haya hufupishwa kuwa orodha: dhamira ya ukabila, dhamira ya ufisadi, nafasi ya mwanamke, kila moja na hoja kumi. Mwanafunzi hujifunza kuuona ukabila kuwa jambo la mahali pa kubuni, ambalo hukaa ndani ya kitabu na kufungiwa humo.

Msomaji wa Kwale hana starehe hiyo. Katika kaunti hii suala la ardhi ni la kila siku. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na mashamba yake yamekuwa chanzo cha malalamiko kwa miongo kadhaa. Familia zilihamishwa ili kupisha uchimbaji wa titani, ulioanza kuzalisha madini mwishoni mwa mwaka 2013 na kufikia kikomo Desemba 2024. Kwa wengi wa wenyeji, kisa cha Waketwa ni kisa cha Mdigo aliyenyimwa hati ya ardhi ya babu yake.

Lakini kuna usomaji wa pili, na uaminifu wa uhakiki unatudai tuutaje. Mnamo Agosti 1997 vita vilizuka Likoni na kuenea katika sehemu za Kwale. Watu waliotoka bara walishambuliwa, wakauawa, nyumba zao zikachomwa, na maelfu wakahama. Mtoto wa familia mojawapo ya hizo, ambaye leo ni mtu mzima Ukunda, akiusoma moto wa riwaya hii, hukumbuka moto mwingine kabisa. Kwake yeye Mketwa ni mtu wa bara. Kwa jirani yake Mketwa ni mwenyeji. Nakala ni moja, ukurasa ni mmoja, na kila mmoja ana haki ya kujiona katika aliyechomewa.

Hapa ndipo tunapoona yaliyopotezwa na swali la mtihani. Swali huuliza: jadili ukabila katika riwaya. Halimuulizi msomaji: je, wewe ni nani katika riwaya hii, na una hakika? Momanyi amebuni majina ya makabila yasiyokuwapo, na kwa kawaida ubunifu wa aina hiyo huelezwa kuwa ni tahadhari ya mwandishi au ya mchapishaji. Ninaona una faida kubwa zaidi. Majina ya kubuni huwaruhusu majirani wawili wa Ukunda, ambao hawajapata kuizungumza 1997 mbele ya wenzao, kuketi na kuzungumza juu ya Waketwa na Wakule. Fumbo ni kongwe katika fasihi ya pwani, nasi tunajua kwamba halitumiwi ili kuficha tu. Hutumiwa pia ili jambo lisemeke.

Lawama yangu kwa riwaya ni moja. Ubaya na wema vimegawanywa waziwazi mno. Msomaji hutambua mapema nani wa kupendwa na nani wa kuchukiwa, na mwisho wake unatoa tumaini upesi kuliko historia inavyolitoa. Historia ya Kwale ingemfundisha mwandishi kwamba aliyefukuzwa na aliyefukuza huweza kuwa mtu mmoja katika miongo miwili tofauti. Hata hivyo, kitabu kinachoweza kusomwa kwa pande mbili zinazopingana na kisivunjike si kitabu dhaifu.

6.0 Kizee kilicho kipya

Mapendekezo haya hayatakamilika bila ya kitabu kimoja cha zamani. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilitoka mwaka 1973. Mashairi yake yalitungwa kifungoni, kati ya mwaka 1969 na 1972, baada ya mtunzi kuhukumiwa kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya inakwenda wapi. Mwaka 2024 tafsiri ya Kiingereza ya diwani nzima ilichapishwa na Chuo Kikuu cha Michigan. Mfasiri wake, Ken Walibora Waliaula, alikuwa ameaga dunia tangu Aprili 2020. Mhariri Annmarie Drury ndiye aliyeifikisha kazi hiyo kwa msomaji.

Hebu tulinganishe. Peponi ilichukua miaka 28 kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Sauti ya Dhiki ilichukua miaka 51 kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Katika orodha za Ulaya, diwani ya Abdilatif ni kitabu cha miaka hii. Kwetu huhesabiwa kuwa cha kale, na vijana wengi wanaijua kwa jina tu. Tusikubali kwamba kitabu chetu kizeeke kwetu na kupata ujana ugenini.

Pamoja na diwani hiyo ningeweka kamusi. Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotungwa na Joseph Mwalonya, Alison Nicolle, Steve Nicolle na Juma Zimbu mwaka 2004, si kitabu cha fasihi. Lakini msomaji wa Kwale mara nyingi huisoma fasihi ya Kiswahili akiwa na lugha nyingine chini ya ulimi. Shuleni alifundishwa kuiona lugha hiyo kuwa chanzo cha makosa. Kamusi itamwonyesha kwamba ni chanzo cha maana pia, kama tulivyoona katika neno mjomba.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba orodha ya mapendekezo ni uhakiki, na kwamba uhakiki huo hubadilika msomaji anapokuwa na mahali. Orodha yetu ina upungufu ulio wazi: haina riwaya iliyoandikwa na mwenyeji wa Kwale juu ya Kwale. Upungufu huo si wa kufichwa. Mandhari yapo, kuanzia Kaya Kinondo hadi mapango ya Shimoni, wasimulizi wapo, na suala la nani ana kwao lipo mezani.

Linabaki swali la mwalimu wa Msambweni: vitabu hivi viko wapi? Jibu la kweli ni kwamba kimoja kimo nyumbani tayari, kimoja chaweza kununuliwa kwa mchango wa watu kumi, na vingine vitapatikana kwa kuazimana. Jamii hii imesoma kwa namna hiyo tangu zamani. Utenzi haukuhitaji nakala mia. Ulihitaji nakala moja, msomaji mwenye sauti, na watu walioketi barazani baada ya alasiri. Hakuna kinachoizuia riwaya kusomwa hivyo. Sura moja ya Peponi kila Ijumaa, demani nzima, itawafikisha wasikilizaji kwenye bustani ya Aziz kabla ya mvua za vuli kuanza.

Mwaka huu, basi, sitampelekea mwalimu yule orodha ya vitabu kumi na viwili. Nitampelekea nakala moja ya Peponi, na nitamwomba aniambie walimu wa Msambweni walimwita nani mjomba.